Oodnadatta Track peke yangu mwezi wa saba: mafuta, maji na matairi nijipange vipi?

Mtaka_Njia
Habari za humu wakuu. Mwezi wa saba niko Australia, natoka Adelaide kwenda Alice Springs, ila lami ya Stuart Highway siitaki. Nataka nipite Oodnadatta Track, njia ya vumbi ya jangwani kutoka Marree hadi Marla, nilale porini siku 4. Niko peke yangu, gari ni fowili ya kukodi, dizeli, tangi la lita 80. Kinachoniumiza kichwa ni mafuta. Nibebe madumu mangapi? Na nikikwama huku sina hata wa kunisukuma?

Spana_Kumi
Mafuta yasikunyime usingizi. Njia nzima ni kama kilomita 620 na vituo vimegawana: Marree hadi William Creek 200 na ushee, William Creek hadi Oodnadatta hivyo hivyo, Oodnadatta hadi Marla kama 210. Hata gari likinywa lita 15 kwa kilomita 100, kipande kirefu hakifiki lita 35. Jaza kila kituo, beba dumu 1 la lita 20, basi. Bei ya huko ni ya kukunja uso, ila ndiyo hiyo.

Matairi ndiyo yatakutoa jasho. Kuna sehemu barabara imejaa vijiwe vyenye ncha vinavyochana ubavu. Kama kwenye lami unatembea na psi 38 hadi 40, kwenye changarawe shusha hadi 28 au 30, na upime asubuhi kabla tairi halijapata moto. Tairi gumu likigonga jiwe linachanika, laini linabonyea na kupita. Ila ukishusha upepo shusha na mwendo, 80 iwe mwisho. Tairi laini likikimbizwa, ubavu unachemka hadi kupasuka. Beba geji yako na pampu ya kuunga kwenye betri, maana ukifika lami ya Marla lazima urudishe upepo.

Pancha ya msumari unaiziba tairi likiwa garini. Chomoa msumari kwa plaizi, pitisha tupa ya mviringo mara kadhaa hadi tundu lilainike, paka gundi uzi wa mpira, usukume na sindano yake hadi ncha zibaki nje kama sentimita 1, chomoa sindano kwa mkupuo, kata ncha, jaza upepo, pima na povu la sabuni. Ubavu ukichanika uzi hausaidii, ndiyo maana unadai spea 2 kwa mwenye gari. Bila 2, mimi nisingesaini.

Kila jioni kagua nati za matairi, vichwa vya betri na bolti za keria. Barabara ina migongo kama bati, inafungua kila kitu. Shokapu ikianza kuvuja, punguza mwendo hapo hapo.

Mama Dira
Kabla ya spana, soma mkataba mwanangu. Magari mengi ya kukodi yanakatazwa njia za vumbi, na hata fowili mara nyingi bima yake haigusi matairi, kioo, uvungu wala ajali ya usiku nje ya mji. Pata ruhusa ya njia hiyo kwa maandishi.

La pili mvua. Udongo ule ukilowa unageuka utelezi, unajaza matairi, na serikali inafunga barabara. Ubao wa Marree unaonyesha kipande kipi kiko wazi na kipi kimefungwa. Kupita kwenye kilichofungwa ni faini kubwa. Weka siku 2 za akiba na chakula chake.

Kipozeo
Maji: lita 5 za kunywa kwa siku, juu yake lita 20 usizogusa. Gawa kwenye vyombo kadhaa, dumu moja likitoboka usibaki mkavu.

Nje ya vituo hakuna mtandao, simu ni saa tu ya mkononi. Nunua au kodi kifaa cha dharura cha masafa ya 406 MHz, na ukisajili kwa AMSA, mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia; usajili ni bure. Kinatumika maisha yakiwa hatarini: kunjua antena, kiweke mahali palipo wazi juu, bonyeza, usikihamishe. Kwa pancha na mengineyo tumia kifaa cha ujumbe wa setilaiti. Redio ya UHF iwe chaneli 40, ndiyo ya madereva wa malori.

Gari likizima USILIACHE. Inua boneti, kaa kivulini, subiri. Gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani.

Mtaka_Njia
Asanteni sana. Mkataba nausoma leo. Kulala je?

Mama Dira
Coward Springs ni kambi ya kulipia, ina bwawa la maji ya uvuguvugu na mitende ya enzi za reli ya zamani. Kabla ya Oodnadatta kuna daraja la Algebuckina la mwaka 1892, mita 578 za chuma, watu hulala karibu na bwawa lake. Kwingine, usitandike kwenye korongo kavu, mvua ya mbali hufika bila kubisha hodi. Usilale chini ya mikaratusi mikubwa, matawi yake huanguka hata bila upepo. Kaa mbali na birika la ng'ombe, ukiwazuia hawaji kunywa.

Oodnadatta ilipimwa nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960, lakini usidanganyike: Julai usiku hushuka karibu na sifuri. Begi la kulalia liwe la nyuzi 0 au chini. Na simamisha gari saa 11 jioni, kabla kangaruu hawajaanza kutoka. Viatu viingie ndani ya hema, dingo, mbwa mwitu wa huko, hubeba.