Karatasi ofisini: printa ya pande mbili, skana, au kuuza taka?

Mhasibu_Nakuru: Wadau, habari zenu. Ofisi yetu iko hapa Nakuru mjini, na rimu zinaisha kama sukari ya wageni. Bosi anataka tuchague kimoja: printa mpya inayochapa pande mbili, skana pamoja na mpango wa kuweka faili kwenye kompyuta, au pipa la karatasi tumwuzie mnunuzi wa taka. Bajeti haitoshi vyote. Nyinyi mngeanza na kipi?

FundiPrinta: Usinunue printa bado. Ingia kwenye mipangilio ya hiyo mliyo nayo. Printa nyingi za leza za ofisini zinachapa pande mbili zenyewe, ni vile hakuna aliyewasha. Iwashe kwenye kila kompyuta, anayetaka upande mmoja ndiye ahangaike kubadilisha. Karatasi iwe ya gramu 80 kwa mita ya mraba, kwa sababu ile nyepesi maandishi ya nyuma hujitokeza mbele na watu watarudia kuchapa. Lakini nisikudanganye: barua ya ukurasa mmoja haiokoi kitu hapo. Faida iko kwenye ripoti ndefu.

Nyalenda_K'su: Hapo Fundi amesema. Mimi ningekwambia umwage pipa mezani kwanza uone ni karatasi gani. Letu hapa Kisumu lilijaa fomu za ukurasa mmoja: ruhusa ya likizo, maombi ya pesa ndogondogo, fotokopi za vitambulisho. Printa ya pande mbili ingesaidia nini? Fomu za likizo sasa zinajazwa kwa simu. Fotokopi za vitambulisho zimetushinda, kila idara inataka yake.

MamaFaili: Na mkaguzi akija? Stima ikipotea siku nzima, hizo faili utampa kutoka wapi? Mimi bado nataka mhuri na sahihi ya wino.

Nyalenda_K'su: Mama, sahihi za kielektroniki zilitambuliwa wazi kwenye marekebisho ya sheria za biashara ya 2020. Tena ankara za eTIMS, zile za kielektroniki, ziko tayari kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya kodi, sioni kwa nini tuzichape ili zilale kwenye kabati. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zikae miaka 5, kwa hivyo weka nakala mahali pawili, moja iwe nje ya ofisi. Kuhusu stima nakubaliana na wewe kabisa.

MtuWaWebuye: Sisi tuliolelewa karibu na kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, karatasi tunaijua. Kuuza taka kuje mwisho. Rimu moja ni karatasi 500 na uzito wake ni kama kilo 2.5, kwa hivyo ofisi ndogo itangoja sana kabla gunia halijawa na maana. Ukiuza, tenga nyeupe na katoni, usichanganye na risiti zile laini za mashine, hizo huharibu mzigo. Pia usiuze kabla ya kuchambua. Nimewahi kupewa mandazi yamefungwa kwa fomu ya mkopo, jina na namba ya kitambulisho vyote vinasomeka. Tangu sheria ya ulinzi wa data ya 2019, hilo ni la kukuletea kesi.

MamaFaili: Sasa hapo umenishika. Zenye majina ya wateja zikatwekatwe kwa mashine.

MtuWaWebuye: Ndiyo, ingawa zilizokatwa bei yake ni ya chini, nyuzi zinakuwa fupi. Mwenye kuku atazichukua za kutandika bandani.

Mhasibu_Nakuru: Asanteni. Printa ya leza tunayo, nimeangalia sasa hivi na hiyo sehemu ipo, imezimwa tu. Basi pesa ziende kwa skana. Fundi, nichukue ya kuweka karatasi moja moja juu ya kioo ama ile ya kujivutia karatasi yenyewe?

FundiPrinta: Ya kujivutia, na isome pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Ukiwapa ya kioo, ndani ya wiki mbili watarudi kwenye fotokopi. Toa pini za stepla kabla ya kuingiza.