Wafugaji tulio kanisani, imani inafanya nini bandani? Tupeane uzoefu

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Naomba tusihubiriane, Mithali 12:10 inasomwa kila semina ya uwakili, yaani kutunza alivyotukabidhi Mungu, mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake, amina, halafu Jumapili unakuta jogoo kafungwa miguu kaning'inia kichwa chini kwenye bodaboda kutoka shambani mpaka kanisani akapigwe mnada kwa ajili ya ujenzi. Nataka kila mtu aseme kwake ikoje.

Naanza. Nipo wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ng'ombe wa ndani, nyasi tunakata. Kwangu mtihani ni maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano. Ukitibu kiwele kwa antibiotiki kuna siku kadhaa maziwa hayauzwi, muda umeandikwa kwenye chupa ya dawa, na hakuna mtu anakuja kukagua kama kweli unamwaga. Mteja ni jirani mwenye mtoto mdogo, saa kumi na mbili asubuhi yuko mlangoni na kidumu chake. Namwambia leo hakuna mama, ng'ombe yuko kwenye dawa. Ananuna anaenda kwa mwingine, na ada ya shule inanisubiri palepale. Ila siwezi kumpa.

Msabato wa Same
Sisi huku Upareni, ambako Usabato Tanzania ulianzia 1903, swali halizeeki, kukamua Sabato ni kazi au si kazi? Wazee walishajibu kwa Luka 13, Yesu anawauliza nani kati yenu hamfungui ng'ombe wake siku ya sabato akamnyweshe, na kiwele kikijaa usipokamua ni mateso tu. Kwa hiyo nyasi zinakatwa Ijumaa, pumba na mashudu yanachanganywa Ijumaa, pipa linajazwa maji, Sabato unakamua unalisha basi. Dawa ya kupe inasubiri jua lizame. Na maziwa ya siku hiyo kwetu hayauzwi, wanakunywa wageni na wajane wa jirani.

Kijana wa Rungwe
Mie nina la upako 😂 Mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, wa baba mkubwa alishikwa na homa, matezi yamevimba chini ya masikio, anahema kwa shida, nafika nakuta anapakwa mafuta na waombaji wamemzunguka. Ile ni ndigana kali, ya kupe, haisubiri mkesha uishe. Nikasema baba mkubwa tuombe sawa ila bwana mifugo aitwe sasa hivi, akaja usiku ule na pikipiki akachoma sindano, mtamba akapona. Jumapili ushuhuda ukatolewa wa mafuta peke yake, na bwana mifugo hela yake hajalipwa mpaka leo. Hivi uwakili haufiki kwenye deni la daktari?

Binti Mchaga
Kaka wa Rungwe umenichekesha mpaka nimemwaga chai.
Mama yangu alipata ng'ombe kupitia kanisa, kopa ng'ombe lipa ng'ombe, mtindo wa shirika la Heifer, ule alioanzisha Dan West wa Church of the Brethren kule Marekani, 1944. Hupewi hivihivi, kwanza banda, kwanza nyasi ziwe zimepandwa, halafu jike la kwanza atakalozaa unampa mwenzio. Ya kwanza ikaja dume, tukakaa tena kusubiri. Jike lilipokuja mama alilitunza kuliko hata yule wa kwake, watu wakawa wanamshangaa maana si linaondoka? Siku ya kukabidhi mchungaji ameomba, watu wamepiga vigelegele, mama anamvuta pembeni yule mama mwenzie, "huyu msimfunge kamba ya katani shingoni, inamchubua, na maji ya baridi sana hanywi."

Mzee wa kanisa, Meru
Mleta uzi, habari ya kuku wa mnada imenigusa. Kwetu walikuwa wanaletwa wenye kukoroma kabisa, yaani mtu anaona huyu anakufa, bora akawe sadaka, Malaki 1:8 kabisa. Mnunuzi anampeleka nyumbani, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kinafagia banda zima. Sasa tumekubaliana, kuku anakuja kwenye tenga, anapewa maji chini ya mti, anayekoroma anarudi na mwenyewe. Na akina mama wananunua chanjo ya kideri ya tone la jichoni kwa pamoja kila miezi mitatu, maana kichupa kimoja ni kikubwa kwa mtu mwenye kuku kumi. Wa Marangu na Mwika nyie mnafanyaje?