Futari ya bibi siku ya Ijumaa ya Kwaresima: nipokee au nikatae?

Fundi wa Ngamiani:

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni fundi cherehani, kwetu Lushoto, nimepanga chumba Ngamiani hapa Tanga. Ni nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, jiko uani. Bibi mwenye nyumba na wapangaji wenzangu wote ni Waislamu, Mkatoliki niko peke yangu. Tunaishi vizuri, sina la kulalamika.

Mwaka huu, 2026, Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 18, na wenzangu wakaanza Ramadhani siku hizo hizo. Sasa kila jioni, adhana ya magharibi ikishatoka, mjukuu wa bibi ananigongea mlango na sahani imefunikwa kawa. Leo mihogo ya nazi, kesho kunde na kaimati, na kikombe cha uji wa pilipili manga unaowasha mpaka puani. Nikimwambia nimeshakula haondoki. Anasimama pale pale: "Bibi kasema upokee." Na mimi siku za kawaida chakula changu cha usiku ni chai na chapati ya asubuhi! Yaani Kwaresima ndiyo imekuja kuninenepesha. Sketi yangu ya kwaya nimeiachia mshono kiunoni juzi.

Hilo la kunenepa nitapambana nalo mwenyewe. Linalonisumbua ni la Ijumaa, maana Ijumaa za Kwaresima sisi hatuli nyama. Ijumaa iliyopita natoka Njia ya Msalaba, vituo kumi na vinne, kila kimoja tunapiga magoti kwenye sakafu. Nafika, sahani inanisubiri. Kufunua kawa, magimbi yamepikwa na nyama ya ng'ombe, mbavu tupu, tui zito. Na nilipopita ukumbini niliona sahani za wengine. Nyama nyingi bibi kaniwekea mimi.

Nilikula magimbi, nyama nikaitoa nikaiweka mpaka Jumamosi mchana. Asubuhi kwenye jumuiya nikalisimulia kama kichekesho tu, mzee mmoja akanikata: nimeshavunja amri, maana mchuzi wa nyama ni nyama. Mama mwingine akasema ningerudisha sahani. Kurudisha! Hao hawamjui bibi. Sahani ikirudi na chakula ndani, nyumba nzima itajua nimekikataa chakula cha Waislamu, na hakuna atakayeniuliza habari za Ijumaa.

Ninachouliza: amri inasemaje hasa? Na Idi ikiangukia Ijumaa, lile pilau nitalikimbilia wapi?

Katekista mstaafu, Muheza:

Milele amina, mwanangu.

Huyo mzee wa jumuiya usimcheke. Amekariri sheria ya zamani. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilikataza nyama pamoja na mchuzi wake, na sisi tuliofundishwa na wazee wa enzi hiyo tuliisikia hivyo hivyo. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alitoa hati ya Paenitemini, akapanga upya mambo ya toba. Humo mchuzi hautajwi tena. Nyama imekatazwa, lakini mayai, maziwa na viungo vya chakula, hata vya mafuta ya mnyama, ruksa. Kwa hiyo magimbi yako yaliyoogelea kwenye nyama mimi nisingeyafanyia kesi.

Sheria tunayoitumia sasa ni ya 1983. Kanuni ya 1251 inasema kujinyima nyama, au chakula kingine kadiri Baraza la Maaskofu litakavyoagiza, ni kila Ijumaa isipoangukia sherehe kubwa ya Kanisa, na kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Ya 1252 inaweka umri: nyama ni kuanzia miaka 14, kufunga ni kuanzia 18 mpaka mtu aingie mwaka wake wa 60. Ile orodha ya Amri za Kanisa tuliyoimba utotoni inataja Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu, ndiyo maana Wakristo wengi hizi Ijumaa za katikati wanazichukulia kama hiari. Wanajumuiya wakibishana, nusu wanasoma orodha, nusu wanasoma kanuni.

La pilau muone paroko wako. Kanuni ya 1245 inampa ruhusa ya kumwondolea muumini wajibu wa siku ya toba, au kumbadilishia tendo lingine la ibada, kukiwa na sababu ya haki. Nenda kabla ya Idi, usiende baada ya kushiba.

Kijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki):

Samahani, mimi naona tunalegeza mno. Someni Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 6. Mzee Eleazari, miaka 90, alilazimishwa kula nyama ya nguruwe. Rafiki zake wakamshauri alete nyama yake ya halali ajifanye anakula ile. Akakataa, akafa. Sisi tunashindwa na mbavu za ng'ombe? Dada yangu, ungemrudishia bibi kwa heshima, ukamweleza imani yako. Huo ndio ushuhuda.

Mama wa Chumbageni:

Wewe kijana, Eleazari walikuwa wanamlazimisha aiache dini yake. Bibi wa watu kapika magimbi. Hebu tofautisha.

Mimi nina miaka mingi kwenye WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, na ndugu zangu wa tumbo moja wengine ni Waislamu, kwa hiyo futari naijua. Shoga, pokea. Mtakatifu Paulo aliwaambia Wakorintho, barua ya kwanza sura ya 10, asiyeamini akikualika na ukataka kwenda, kula unachoandaliwa bila kuhojihoji. Najua alikuwa anazungumzia nyama za sanamu, mambo ya Ijumaa hayakuwepo. Lakini huyo alikuwa mtu anayejua kukaa na watu.

Halafu niseme ambalo hukuuliza. Hiyo chai na chapati usiyonunua siku hizi, hela yake iko wapi? Maana toba siyo nyama peke yake. Weka pembeni kila jioni, Dominika ipeleke kwenye sadaka ya Kwaresima. Hapo utashiba futari ya bibi na mfungo wako utaonekana. Na sahani yake isirudi tupu! Hata machungwa mawili, hata ndizi. Nisisikie umeirudisha imeoshwa tu.

Mtoto wa Makorora:

Asalaam aleikum, habari zenu ndugu. Mimi Muislamu, nimepita tu, ila jamani mmenichekesha. Mmefika mpaka mwaka 1917 na Wamakabayo, na hakuna aliyesema amwambie bibi!

Dada, mtu aliyefunga tangu alfajiri hashindwi kuelewa mfungo wa mwenzake. Mwambie tu, "Bibi, Ijumaa hizi mpaka Pasaka sisi hatuli nyama." Basi. Atakuletea samaki. Tena Tanga hii, mtu anateremka soko la samaki la Deep Sea asubuhi anarudi na changu wake, nyama ya nini? Ila mwambie mchana, usingoje magharibi sufuria ikiwa jikoni. Na usiseme hutaki futari kabisa, maana kulisha jirani kwake ni thawabu, ukikataa unamnyima.

Fundi wa Ngamiani:

Asanteni wote, na wewe kaka wa Makorora zaidi.

Nilimfuata bibi Jumatano saa nne, anachambua kunde uani. Nikamweleza. Kwanza alikasirika, lakini siyo kwa nilivyodhani: "Umekaa kwangu miaka yote hii, nakulisha haramu yako na umenyamaza?" Nikamwambia siyo haramu kama nguruwe ilivyo kwao, ni kujinyima tu, kesho yake tunakula. Hilo halikumwingia akilini kabisa, nami sikuendelea kubishana. Jana sahani imekuja na samaki wa kupaka. Kijana wa VIWAWA, sasa samaki huyo nakuambia ni mtamu kuliko zile mbavu, sijui hapo nimejinyima nini. Mama wa Chumbageni, hela ya chapati naweka kwenye kopo la vifungo, na sahani imerudi na machungwa ya Muheza.

Paroko nilimwona baada ya misa ya asubuhi. Amesema Idi ikiwa Ijumaa nikae na wenzangu nile pilau, badala yake nijinyime nyama siku mbili nyingine na nikamtembelee mgonjwa wa jumuiya yetu aliyelazwa hospitali ya Bombo. Yule mzee wa mchuzi nimemwomba tuende wote, amekubali.

Bibi ameshaniletea vitambaa vya kanzu za wajukuu, anazitaka kabla ya sikukuu, na watu wa mtaa wameanza kumfuata nyuma. Wenye nguo za Pasaka leteni mapema, msije kunililia Jumamosi Kuu.