Umebadili prosesa mashine ikagoma kuwaka? Tupeane uzoefu

Wagosi habari za jioni. Hapa Tanga kila mara naona mtu kabeba desktopu anaipeleka Ngamiani kwa fundi, kabadili prosesa (ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta), feni zinazunguka taa zinawaka ila monita giza, na wa kulaumiwa ni aliyemuuzia. Mi nasema kama pini hazijapinda basi prosesa iliyokufa ni nadra sana, rudisha ya zamani kwanza uone. Yaliyowakuta tiririkeni.

Dugamoja: Dogo wa mtaani aliniletea yake, mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote) B450, katoa prosesa ya AMD Ryzen 3 2200G kaweka Ryzen 5 5600. Giza. Nikarudisha ya zamani ikawaka safi, nikajua ni bayosi (BIOS, programu ndogo ya kwenye bodi inayoiwasha mashine), maana bodi hizi zimetoka 2018 na Ryzen 5000 zimeanza mwishoni mwa 2020, ingeijuaje? Nikashusha bayosi mpya kwenye tovuti ya watengeneza bodi, nikaiweka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, nikaiflashi (yaani nikaiandika kwenye bodi badala ya ile ya zamani), nikafunga 5600 tena na bado giza!! Dogo keshaanza kununa. Kumbe HDMI imechomekwa kwenye bodi, na 5600 haina grafiki ya ndani kama ilivyokuwa 2200G, inataka kadi yake ya grafiki. Tukaazima kadi, picha hiyoo. Angechukua 5600G asingehangaika.

Bin Chumbageni: Mi Intel. Nina i5 ya kizazi cha 6, muuzaji kanipa i7 ya kizazi cha 8 anasema soketi, yaani pale prosesa inapokaa, ni ileile 1151. Kuingia inaingia, lakini mpangilio wa umeme kwenye pini umebadilishwa, bodi za toleo la 100 na 200 kama yangu haziisomi, hata uflashi mpaka kesho. Kabla ya kupigizana kelele nikamwonyesha orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye bodi yangu, akanibadilishia i7-6700. Hiyo orodha kwa kawaida ipo kwenye tovuti ya watengeneza bodi, bure kabisa, watu hawaisomi sijui kwa nini.

Fundi mstaafu: Kabla hamjafika huko kwenye bayosi wanangu, angalieni ule waya wa umeme wa prosesa wa pini 8 pale juu karibu na soketi, ukishikashika hitsinki kubwa (kile chuma cha kupooza prosesa) huo waya huwa unachomoka. Halafu zima, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 (ile ya duara kwenye bodi) kidogo irudishe ili mipangilio ya bayosi ianze upya, jaribu na ramu moja. Na mwenye ramu za aina ya DDR5 asiwe na papara, mara ya kwanza inaweza kukaa giza dakika kadhaa inajipima ramu.

Binti Makorora: Shikamoo fundi. Na umeme ukikatika katikati ya kuflashi?

Fundi mstaafu: Marahaba mwanangu. Bodi inaweza kugoma kuwaka kabisa, ndio maana azima UPS (betri ya akiba ya umeme) kwanza. Ikishatokea, bodi zingine zina kitufe cha kuflashi nyuma hata bila prosesa, isiyonacho tafuta fundi mwenye CH341A, kifaa kidogo cha kuandikia chipu, aichome upya chipu ya bayosi, usikubali kuambiwa ununue bodi nyingine.