Supu imechacha nje na baridi yote hii, sasa sikukuu nitapikaje ya watu 14?

MamaPacha

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri na msinicheke sana. Mwaka huu sikukuu iko kwangu, wanakuja wakwe, mawifi wawili na waume zao na watoto, tukijihesabu na sisi tunafika 14. Mie nina jiko la sahani nne, oveni moja ndogo, na friji ambalo hata bila wageni ukifungua mlango kitu kinakudondokea mguuni. Mara ya mwisho kupokea wageni wengi hivi niliwasikia tu wanacheka sebuleni mie nikiwa nimeangaliana na masufuria, nakuja kukaa chini watu wanatafuta viatu vyao waondoke. Nikaapa safari hii napika mapema.

Basi nikasema nifanye majaribio. Juzi nikapika supu ya nyama kwenye sufuria ile kubwa ya lita 12, imejaa karibu ukingoni, naizima saa moja usiku. Friji halina nafasi, nje baridi inakata masikio, nyuzi 3 hivi, nikaona si hili hapa friji la bure? Nikafunika mfuniko, juu yake nikazungushia taulo nene ili paka wa jirani asije akafunua, nikaiweka kibarazani. Asubuhi napita kwenda kazini nikaigusa, bado ina uvuguvugu, nikafurahi kabisa. Narudi saa nane mchana nafunua, vipovu vidogo vidogo juu na kaharufu ka uchachu. Nyama kilo 4 jamani!!

Nikampigia mama mkwe, akaniambia ichemshe tu vizuri itakuwa sawa, sisi viporo tumekula miaka yote mbona tuko hai. Nikaogopa nikamwaga. Baba watoto aliumia utadhani kafiwa, alisimama pale anaiangalia inavyoenda.

Sasa swali langu, imechachaje wakati nje ni baridi kuliko friji lenyewe? Na nipike nini mapema na nini niache mpaka siku yenyewe?

SufuriaYaKwanza

Taulo tena dada 😂😂 yani uliivalisha supu sweta

Mpishi_wa_Zamu

Usimcheke, hilo kosa tunalifanya wengi, mie mwenyewe nilifundishwa kwa kufokewa. Nimefanya kazi miaka mingi jiko linalolisha watu mia na zaidi kwa siku, na kitu cha kwanza unachoambiwa pale ni kwamba chakula kinaharibika wakati kinapoa, sio kikishapoa. Wadudu wa chakula wanapenda joto la kati ya nyuzi 4 na 60 hivi, na kuna wale wa kwenye mchuzi na nyama wanaozaana kwa kasi kubwa mno kwenye nyuzi arobaini na kitu. Kuchemsha hakuwamalizi wote kwa sababu wengine wana mbegu zinazovumilia kuchemka, zinakaa kimya humo zinasubiri supu ifike joto wanalolitaka wao. Lita 12 kwenye sufuria yenye kina, mfuniko juu, taulo juu ya mfuniko, hiyo supu ilipita kwenye lile joto taratibu usiku kucha. Ule uvuguvugu uliokufurahisha asubuhi ndio uliokuwa unakuambia mambo yameharibika.

Sheria tuliyokuwa tunafuata sisi: chakula kitoke nyuzi 57 kifike 21 ndani ya saa 2, halafu kifike 5 ndani ya saa 4 zingine. Nyumbani huna haja ya kupima kila dakika ila ukiijua hiyo utaelewa kwa nini ukubwa wa sufuria ndio adui. Fanya hivi, ukizima tu gawa supu kwenye vyombo vipana visivyo na kina, kimo cha vidole vitatu hivi. Kama hutaki kugawa, ziba sinki au chukua beseni, tia maji ya baridi na barafu, zamisha sufuria humo maji yafike usawa wa supu, acha wazi, koroga kila baada ya dakika chache, maji yakipata moto badilisha. Utashangaa inavyopoa haraka. Ikiacha kutoa mvuke na chombo kinashikika, weka friji, usingoje iwe baridi kabisa. Ila usije ukaingiza sufuria nzima ya moto kwenye friji, utapasha moto na vya jirani.

Na usidanganywe na theluji kama ipo hapo kwako. Watu wanachimbia sufuria kwenye theluji wanaona wamemaliza. Theluji imejaa hewa, inafanya kazi kama blanketi, halafu inayogusa sufuria inayeyuka inaacha uwazi na sufuria inabaki kuota moto wake yenyewe. Maji yenye barafu yanashinda mbali. Kibaraza nacho sio friji, usiku nyuzi 3, mchana jua likipiga ukutani unakuta 12, na paka ndio huyo.

BiNyanya_Chungu

Mie napingana kidogo na mpishi. Mama yangu hakuwahi kuwa na friji na alitulea watoto saba, mchuzi unachemshwa asubuhi na jioni, siku ya pili ndo unakuwa mtamu hasa, na hatukuugua. Hizi nyuzi nyuzi mnazoziongea sijui watu wa zamani walipona vipi.

Mpishi_wa_Zamu

BiNyanya shikamoo, mama alikuwa anajua anachofanya na sibishi. Angalia lakini, alikuwa anapika sufuria ya kuliwa siku hiyo na kesho yake, kidogo, na anaikata ile safari ya wadudu kila baada ya saa chache kwa kuichemsha. Huyu dada ameacha lita 12 saa 19 bila kuigusa. Na kuna kitu kingine, baadhi ya wadudu wanaacha sumu kwenye chakula na sumu hiyo kuchemsha hakuiondoi, mdudu anakufa sumu inabaki pale pale. Ndio maana supu ikishanuka uchachu hairudishwi na moto. Alivyomwaga alifanya sawa.

Tena kuumwa tumbo tuliumwa sana tu, ila tulikuwa tunasema ni upepo 😀

BiNyanya_Chungu

Marahaba. Hapo kwenye upepo umenikamata.

BabaWatatu

Mie ndie mpishi wa nyumbani kwetu sikukuu zote, mke wangu anaoka keki basi. Nakupa ya kwangu MamaPacha.

Wiki moja kabla napika vile vinavyokubali friza, supu, mchuzi wa nyama, maharage. Natia kwenye vyombo nikiacha nafasi juu kidogo kwa sababu maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, mwaka wangu wa kwanza nilijaza chupa ya kioo mpaka shingoni na nikaokota vioo kwenye friza nzima. Chumvi naweka pungufu naimalizia siku ya kupasha, maana supu inapungua maji jikoni mara mbili na mara ya pili inakuwa bahari. Viazi SIVIWEKI kabisa kwenye kitu kinachoenda friza, vikiyeyuka vinakuwa kama sponji iliyolowa. Mchuzi wa maziwa nao unakatika. Hivyo vinasubiri siku yenyewe.

Halafu kuku. Kama mtaoka kuku mkubwa na mmemnunua ameganda, mtoeni friza mumhamishie friji mapema kuliko mnavyodhani, mie nahesabu siku nzima kwa kila kilo 2. Mwaka fulani nilimtoa jana yake usiku, kilo tatu na nusu, asubuhi nje laini ndani jiwe, namuoka juu kahawia kazuri watu wanapiga picha, namkata karibu na mfupa damu. Baba mkwe wangu alinyamaza tu akajisogezea bakuli la kachumbari. Ule unyamavu bado nausikia. Tangu siku hiyo nilinunua kale kapimajoto ka kuchoma nyama, unachoma kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, ikifika 74 umemaliza, haijalishi saa inasema nini wala rangi ya ngozi. Ni kitu kidogo ila kimeokoa ndoa.

Oveni moja inatosha ukiipanga. Kuku anaingia kwanza, akitoka unamwacha apumzike nusu saa umemfunika kwa foili bila kumbana, hapoi hivyo unavyofikiri na maji yake yanarudi kwenye nyama. Nusu saa hiyo oveni ni ya viazi. Watu wengi wanapigana na oveni kwa sababu wanataka vyote vitoke pamoja.

Na vyombo vinaoshwa na wanaume. Hili kwetu lilipitishwa na halijadiliwi.

WifiMkubwa

Wamekushauri vizuri kwenye chakula, mie niguse mama mkwe, maana mimi ni wifi wa watu na najua upande huo unavyoongea mkiondoka 😅 Usimletee habari za wadudu na nyuzi, atasikia unamwambia miaka yote alikuwa anawalisha watoto wake sumu. Mpe kitu kiwe chake. Mpigie wiki hii mwambie mama, ile kitu yako unayopikaga mie siiwezi, naomba siku hiyo uje mapema uisimamie wewe. Atakuja na aproni yake. Akiwa na sufuria yake ya kuangalia hatakuwa na muda wa kufunua za kwako. Sisi kaka yetu alioa dada ambaye alikataa kabisa tusiingie jikoni, alidhani anatupumzisha, mama alikaa sebuleni siku nzima kama mgeni na akarudi kwao ameumia, hakusema neno mpaka mwaka ukaisha.

Na watoto wakubwa waache wamenye karoti, hata kama zitatoka kama penseli zilizochongwa vibaya.

MvivuWaJiko

Nadandia uzi, na wali je? Maana mie huwa napika jana yake naacha kwenye sufuria juu ya jiko, asubuhi tunapasha. Nimesoma hapo juu nimeanza kujishika tumbo.

Mpishi_wa_Zamu

Wali ndio unaoongoza kwa kudharauliwa. Una mdudu wake ambaye mbegu zake zinavumilia kupikwa, wali ukilala nje anaamka anaweka ile sumu niliyosema, na wala hautanuka kitu. Utandaze kwenye trei upoe ndani ya saa moja, uingie friji, uliwe kesho yake, na upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke kila upande. Kwa watu 14 lakini mie ningeupika siku hiyo hiyo, wali haukusumbui, ni dakika ishirini unaenda kukaa na wageni wako.

Na kwa vile BabaWatatu kataja maharage, wale wenye yale majiko ya umeme ya kupika pole pole ambayo watu wanayapenda kipindi cha baridi, maharage mekundu makavu msiyatupie humo moja kwa moja. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa moto mkali dakika 10 kwenye sufuria ya kawaida ndo uyahamishie. Yana sumu yake ya asili, na moto mdogo hauimalizi.

MamaPacha

Jamani asanteni nimerudi na majibu. Jana nimepika tena, safari hii lita 6, baba watoto akajitolea kusimamia upoaji (nadhani anailinda nyama). Tumeziba sinki tukatia maji na barafu yote ya friza, anakoroga huku anaangalia mpira kwenye simu, haikufika nusu saa unaweka kidole bila kuruka. Nimegawa vyombo vitano, leo viko friza vimelala vizuri na nimeacha nafasi juu kama mlivyosema. Friji nimelitoa vitu, nimekuta chupa tatu za haradali zote zimefunguliwa, sijui nani anaishi humu ndani.

WifiMkubwa nimempigia mama. Nikamwambia mama ile keki yako ya tangawizi mie inanishinda, njoo siku hiyo uniongoze. Kimya kidogo, halafu akauliza oveni yangu inashika moto sawa sawa au ya kubahatisha. Nikamwambia ya kubahatisha. Akasema basi anakuja siku mbili kabla, kuizoea.

Siku mbili kabla 😭 mtu anieleze friji linatoshaje

SufuriaYaKwanza

Anza na zile haradali