Nimemaliza nyumba, kazi ipo, ila furaha siioni. Nifanyeje wakuu?

Kijana wa Kibaha: Wakuu habari za wikiendi. Me nina miaka 36, nafanya kliaringi bandarini Dar, mke bado. Tangu nianze kushika hela akili yote ilikuwa saiti, mwezi huu bati mwezi ujao madirisha, yani naamka najua naamkia nini. Mwaka jana nikahamia, tailizi, jipsam, kila kitu. Sasa jioni nawasha taa vyumba vyote halafu nakaa nachezea simu mpaka saa sita usiku. Cha ajabu nakumbuka chumba changu cha Tandika, wapangaji kibao luku moja, kila siku ugomvi nani kapiga pasi umeme umeisha, lakini ukichelewa kurudi kuna mtu atakuuliza vipi leo. Nitafute nini tena, gari? Masters? Matusi wekeni akiba.

Bwana Chumvi: Nipe funguo, njoo Tandika ukae kwangu. Kodi inaisha tarehe 30 😂

Mama Wawili: Achana na huyo. Kaka, wale wa Harvard kule Marekani walianza kufuatilia maisha ya vijana wa kiume tangu 1938, wengine mpaka wamezeeka wamekufa na sasa wako na watoto wao, na waliozeeka vizuri ni wale wenye watu wa karibu, hela na umaarufu havikufua dafu. Wewe umehama, watu umewaacha.

Nesi Mstaafu: Kabla hamjamuozesha, usingizi vipi mdogo wangu? Ukiona hamu ya kila kitu imekata karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, hata chakula hakipandi, inaweza kuwa sonona na inatibika, Tumbi hapo karibu yako kamuone daktari.

Kijana wa Kibaha: Asante dada, usingizi upo. Na Yanga ikicheza hamu ninayo tena sana, shida naangalia mwenyewe.

Bwana Chumvi: Si ndo hapo sasa, tafuta kibanda umiza bro.

Mzee Mchomeleaji: Mimi hilo la watu napingana kidogo, kwangu tumejaa na kuna siku natamani kukimbia. Mtu awe na cha kuhangaikia. Nilipostaafu nikaanza kufundisha vijana wa mtaani kuchomelea hapa getini, hawanilipi, wananimalizia vijiti tu, lakini asubuhi hata chai nasahau. Wewe umejenga mpaka ukamaliza bila kuibiwa saruji, hiyo elimu wape wanaoanza huko.

Kijana wa Kibaha: Shikamoo mzee. Nani kasema sikuibiwa 😂 niliibiwa mpaka basi. Ila kuna jirani anamwaga jamvi Jumamosi na fundi wake ndo yule yule wa kwangu. Ngoja nikamtonye.