Nguruwe wa jirani wanakufa na mnunuzi ameshafika. Niuze?

Mfugaji_Mbozi:
Wakuu, habari za jioni. Nina nguruwe 14, majike matatu na wengine wa kunenepesha. Tangu Jumapili jirani yangu wa bondeni kapoteza watano. Mmoja nilimwona kabla hajafa: masikio yamekuwa ya zambarau, amejikunyata kwenye kona, pumba hagusi. Leo kaja mnunuzi na gari, anasema niuze kabla hayajanikuta, kwa nusu bei. Wangu wote wanakula vizuri. Ada ya mtoto inadaiwa mwezi ujao. Halafu dume la shemeji linatoka Tunduma Jumamosi kuja kupandisha. Naombeni ushauri.

Kibanda2:
Uza mkuu. Mimi nilisubiri, nikazika wote.

DadaUgani:
Pole sana kaka. Niko kwenye kazi ya ugani, nakuomba usiuze. Dalili hizo zinafanana na homa ya nguruwe ya Afrika, ingawa maabara ndiyo itakayothibitisha. Haina tiba, na hapa kwetu hakuna chanjo ya kununua dukani. Nguruwe aliyeambukizwa anaweza kumaliza siku 4 hadi 19 akila vizuri kama hao wako. Ukiwapakia leo, kesho ugonjwa uko kwenye banda la mtu Mbeya ambaye hajui lolote. Kuchinja na kupeleka kitimoto mjini ni yale yale, maana nyama iliyogandishwa hukaa na virusi miezi mingi. Haimdhuru mlaji, lakini makombo yake yakirudi bandani yanaua. Mpigie afisa mifugo wa kata usiku huu huu. Karantini ikitangazwa, nguruwe haingii wala hatoki, na kibali cha kusafirisha hakitolewi. Dume lisije.

Huyo mnunuzi aliingia bandani?

Mfugaji_Mbozi:
Aliingia na gambuti zake, akamshika jike mmoja mgongoni. Kwenye bodi la gari niliona damu, akasema ni ya mzigo wa asubuhi.

DadaUgani:
Hapo ndipo ninapoogopa. Sugua mlangoni na kila alipokanyaga kwa maji na sabuni mpaka kinyesi kiishe, suuza, ndipo umwage jiki. Juu ya uchafu jiki haifanyi kazi. Tenga viatu vya bandani tu. Makombo ya hoteli acha kabisa kwa sasa.

Mzee_wa_Rungwe:
Kijana, kwetu ugonjwa uliletwa na dume la kuazima. Lilipita mabanda manne ndani ya wiki moja, na mwenye dume hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kuhusu ada, nenda kwa mwalimu mkuu mapema, mweleze, uombe kulipa kidogo kidogo. Kama una mahindi, uza hayo.

Mfugaji_Mbozi:
Asanteni sana. Shemeji nimempigia, kaelewa. Afisa mifugo anakuja asubuhi. Mnunuzi nimemkatalia, ila kateremka kwa jirani, na sasa hivi nasikia nguruwe wanapiga kelele huko.

DadaUgani:
Nenda sasa, lakini usikanyage uani kwake. Mwite barabarani. Mwambie asiuze hata kilo moja, waliokufa awafukie kwenye shimo refu ambalo mbwa hawatafukua, na asubuhi afisa akitoka kwako aende kwake. Nipo macho, tuambie amesemaje.